Shamba la Njano Chini ya Tope

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kusoma chavua, huniuliza kama ninatengeneza asali. Siku hizi sijibu. Nawaangalia tu mpaka wamalize kucheka, kisha naendelea na safari yangu. Chavua ni ule unga wa maua unaokuchafua nguo ukipita karibu, na kila mmea una punje zenye sura yake, ndogo mno kuonekana kwa macho matupu. Zikianguka majini zinazama, tope linazifunika, na ndani ya tope haziozi. Walioipanda mimea yenyewe wanakufa, vijiji vinahama, mito inabadilisha njia, zenyewe zimelala pale pale. Mimi kazi yangu ni kwenda kuziamsha.

Ninafanyia kazi kwenye chumba cha chini kabisa cha chuo, dirisha lake liko usawa wa miguu ya wapita njia. Nikiinua kichwa naona viatu, nikirudisha macho kwenye hadubini naona misitu. Mchana mvua inaponyesha na ile mashine ya kuzungushia sampuli inavuma kwenye kona, nafika mahali sijui tena niko upande gani wa kioo. Nyasi, nyasi, mti, nyasi, unyasi wa majini, mti. Nahesabu tu, na polepole nchi nzima inainuka mbele yangu, na vilima vyake, na harufu yake baada ya mvua. Siku moja nilijikuta nimesimama katikati ya maabara, viatu mkononi, nimekunja sketi ili nivuke mto. Mwanafunzi aliyeingia aliomba radhi akafunga mlango taratibu.

Mtu pekee katika ukoo wetu ambaye hajawahi kuniuliza habari za asali ni Shangazi, dada mdogo wa marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea. Ananiita Matope, na jina limenishika mpaka watoto wa ukoo wananiita hivyo bila kujua kwamba nina jingine. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mwisho wa mji mdogo, pale lami inapoishia na msitu unapoanzia. Kila mwisho wa wiki nilikuwa naenda kwake kula, kulala mchana na kugombezwa.

Jumapili moja nilimkuta mwanawe amenitangulia. Ni mwanawe wa pekee, mfamasia, ana duka kubwa la dawa mjini, na sote tunamwita Dozi kwa sababu hawezi kukuona unapiga chafya akakuacha salama. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuleta msiba.

"Kaa," akaniambia. "Mama amesahau sufuria motoni tena. Ukuta wa jikoni umekuwa mweusi tii."

"Ukuta unapakwa rangi, kaka."

"Sikiliza basi. Nimempeleka kwa daktari wa kumbukumbu. Akamwuliza jambo la kwanza kabisa analokumbuka katika maisha yake. Unajua alijibu nini? Shamba la alizeti. Ndani ya msitu ule!" Akanyoosha kidole dirishani. "Ati maua ya njano yamempita kimo, nyuki wanavuma, na baba yako amembeba mabegani ili aone mwisho wa shamba. Daktari akaniangalia. Nikakosa pa kuweka uso."

"Nawasikia!" Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni. "Masikio hayajashikwa na wazimu bado!"

Dozi akapunguza sauti. Alisema pale kwenye lango la msitu kuna bango kubwa lenye maandishi: Msitu wa asili, haujawahi kulimwa. Alisema mama yake huenda aliona alizeti kwenye televisheni, akazibeba akazipeleka utotoni. Kusahau sufuria angevumilia, angemtafutia mtu wa kumsaidia mchana. Lakini mtu anayekumbuka vitu ambavyo havikuwepo, kesho ataona mlango mahali pasipo na mlango. Mvua zikiisha, angemhamishia kwake mjini.

Damu ilinichemka. Nilimwambia kusahau na kubuni ni vitu viwili, na kwamba yeye mwenyewe akiwa mdogo alidai amemwona simba nyuma ya choo na hakuna aliyempeleka kwa daktari. Kabla hajanijibu, Shangazi alitokea mlangoni, mikono inadondosha maji ya vyombo.

"Nihamishwe?" akasema. "Mimi ni kabati?"

"Mama, ni kwa usalama wako."

"Shamba lilikuwepo. Kaka yangu alinibeba. Nilimshika masikio nisianguke, akalalamika kwamba nayavuta. Hilo nalo lilionyeshwa kwenye televisheni?"

"Kama lilikuwepo, lingeacha alama," Dozi akasema. Kisha akanigeukia akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Si huyu hapa anajidai anasoma matope? Katikati ya msitu kuna bwawa. Haya, Matope, kasome. Tope likisema palikuwa na shamba enzi za utoto wa mama, anabaki hapa, namtafutia msaidizi, na sifungui mdomo tena. Likisema hapakuwa, anakuja kwangu, na wewe ndiye hufungui mdomo."

Nilikubali kabla sijafikiri. Ndiyo tabia yangu, nimeshaambiwa na wengi.

Kibali nilikipata bila taabu, maana bwawa lile hakuna mtaalamu aliyewahi kuligusa. Tuliingia na mashua ya mpira ya kupuliza, mimi na wasaidizi wawili wa chuo, tukapiga makasia hadi katikati kabisa, maji yalipo meusi na pana ukimya mpaka unasikia moyo wako. Huko ndiko tunakofundishwa kwenda, kwa kuwa tope la katikati ni la kina na limetulia. Tulisukuma bomba la chuma chini, kipande baada ya kipande, na kila tulipolitoa lilikuwa limebeba mche wa tope mrefu, laini kama mche wa sabuni ya kufulia. Tabaka la juu ni la jana. La chini ni la zamani kuliko hadithi yoyote ninayoijua.

Niliurudisha maabara nikaukata, nikaosha kila kipande kwa dawa kali zinazokula mchanga na majani na kuacha chavua peke yake. Kisha nikakaa kwenye kiti changu, nikaanza kupanda kutoka chini kwenda juu.

Lo, nchi niliyoiona! Chini kabisa hapakuwa na msitu hata kidogo. Palikuwa na nyasi tu, kavu, na vumbi la mkaa wa moto uliopita bila mwenyewe. Bwawa lilikuwa dimbwi la kunywea wanyama. Nilikaa katika ukame ule siku nyingi, midomo ikinikauka kwenye kiti. Halafu, sehemu nyembamba kuliko kidole juu yake, kitu kilibadilika angani. Mvua zilirudi. Kwanza ilikuja mimea ya majini, halafu magugu ya kivulini, halafu miti, mmoja mmoja kama wageni wa harusi, wale wa karibu wakiwahi na wale wakubwa wenye heshima zao wakichelewa. Kufika katikati ya mche nilikuwa ndani ya msitu mzito, na nilipotoka kwenda kununua chai nilishangaa kuona jua.

Na tena, juu zaidi, miti ilipungua. Mkaa ukarudi, safari hii wa moto wa mikono ya watu, na pamoja nao punje za nafaka na magugu yanayopenda ardhi iliyolimwa. Watu wale walikaa pale vizazi na vizazi. Hakuna anayejua waliitana nani. Kisha wakaondoka, sijui njaa, sijui vita, sijui walichoka tu, na msitu ukafumba juu ya mashamba yao kama maji. Kwa hiyo bango la langoni linasema uongo, nilijiambia, nikafurahi kama mtoto, na nikaendelea kupanda kuelekea karne ya Shangazi.

Nilipofika nilikuta msitu. Mti, mti, mti. Tabaka la utoto wake nilirudia mara tatu, kioo baada ya kioo, nikitafuta punje moja tu ya alizeti. Haikuwepo. Hapakuwa na nafaka wala mkaa. Palikuwa na miti iliyosimama kimya mpaka leo, bila mtoto, bila kaka, bila nyuki.

Kazi yangu haina nafasi ya kupaka rangi. Nilimpigia Dozi nikamweleza kila kitu, hata wale wakulima wa kale. "Hao si wa enzi za mama," alisema taratibu. Nilitegemea anicheke, nikajiandaa kumrukia, lakini alisema tu "Basi," na akakata simu.

Shangazi nilimwambia mwenyewe, kibarazani, mchana. Nilidhani atanipigia kelele, aniite mjinga wa darasani. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, anaupeperusha, anatoa kijiwe, anaupeperusha.

"Labda niliota, Matope," akasema mwishoni.

"Shangazi, mimi sijasema—"

"Tope halina sababu ya kunisingizia. Labda niliota. Labda hata kaka yangu hakunibeba." Akaniangalia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Maana kama shamba halikuwepo, alinibeba ili nione nini?"

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, siikumbuki sauti yake. Karibu kila ninachokijua juu yake nimekipata kwa mwanamke huyu, na mengi yanaanzia shambani pale: kwamba alikuwa na mabega mapana, kwamba alikuwa na subira, kwamba masikio yake yalikuwa makubwa kama yangu. Nilikuwa nimekwenda kumtetea Shangazi, na badala yake nimerudi kumnyang'anya kaka yake, na mimi nikajinyang'anya baba. Niliingia ndani nikalia kwenye taulo ili asinisikie. Alinisikia, bila shaka, lakini alijifanya hakusikia.

Siku zilizofuata sikuwa na maana kwa mtu yeyote. Niliwafokea wanafunzi, nikamfokea fundi wa mashine ambaye hakuwa na kosa. Alasiri moja, mvua ikiwa imekaza na viatu vyote vimekimbia barabarani, nilikaa na kile kioo cha utoto wa Shangazi chini ya hadubini, sihesabu, naangalia tu. Macho yakanizidi. Nikajiona nimelala chali juu ya maji katikati ya bwawa, mdogo na mwepesi, sina haraka. Juu yangu palikuwa na anga, na kuzunguka anga vilele vya miti, na kutoka kwenye vilele unga mwembamba ulikuwa unashuka, unashuka, unanifunika usoni bila uzito wowote. Kulikuwa kuzuri sana kule. Nikakumbuka kwamba nimekuja kutafuta shamba, nikageuza kichwa huku na huku, naona vilele tu. Alizeti iko wapi? nikauliza. Na mimi mwenyewe nikajijibu, kwa ile sauti yangu ya darasani: utaionaje kutoka huku, wewe?

Niliruka kitini mpaka nikamwaga chai.

Ala! Jambo hili ninawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza, wiki ya pili! Miti mingi ya msituni hutupa chavua yake kwa upepo, inaruka mbali, inanyesha kila mahali. Lakini alizeti haitegemei upepo. Chavua yake ni nzito, inanata, inamsubiri nyuki, na ile ambayo nyuki hakuichukua inaanguka pale pale miguuni pa ua. Punje za mahindi nazo ni kubwa, haziendi mbali. Shamba dogo la familia moja lingeweza kuchanua miaka kumi huko nyuma ya miti, na katikati ya bwawa isifike punje hata moja, ya chavua wala ya mkaa. Sisi watu wa chavua tuna ugonjwa wa kupenda katikati. Katikati unaona nchi nzima, hali ya hewa, maelfu ya miaka, unajiona mkubwa. Ila mtoto aliyebebwa mabegani humwoni.

Nilimpigia Dozi hapo hapo, mkono bado unanukia chai.

"Umefungwa, sasa unataka refa akuongezee dakika," alisema.

"Nataka vishimo vidogo vya maji vilivyo ndani ya msitu wenyewe. Vinapokea kinachoanguka karibu nao tu. Shangazi atatuonyesha shamba lilikuwa upande gani."

"Na usipokuta kitu?"

"Namfungashia mizigo mwenyewe."

Akasema lazima awepo. Basi tukaenda watatu, asubuhi yenye ukungu, Shangazi katikati na fimbo yake, Dozi nyuma amebeba mabomba yangu akilalamika kwamba yeye ni mfamasia siyo mpagazi. Miti ilikuwa inadondosha maji. Ndani ya msitu ule sauti zinakufa karibu na mdomo, na nilikuwa na hisia kwamba tukigeuka ghafla tutaona tumefuatwa na wale wakulima wa kale, majembe begani, wanataka kujua tunatafuta nini kwao.

Mwanzoni Shangazi alitembea kama mwenye nyumba. "Njia ilipita hapa," alisema. "Hapa tulikuwa tunapumzika." Kisha akasimama. Akaenda kulia, akarudi. Akashika shina la mti, akalizunguka. "Ni hapa," akasema. "Au kule. Kulikuwa na... ngoja. Ngojeni kidogo." Tulingoja. Akakaa juu ya mzizi akaanza kulia, bila kujificha, kama mtoto aliyepotezwa sokoni. "Miti imenifunikia kila kitu," alisema. "Sijui. Haki ya Mungu, sijui tena."

Dozi aliweka mabomba chini, akapiga magoti, akamshika mikono. Nilidhani atanitazama kwa ile sura ya nilikuambia. Hakunitazama kabisa. Alikuwa anampanguza mama yake machozi kwa mkono wa shati lake na kumwambia si kitu, mama, si kitu.

Mimi nikatafuta mwenyewe. Mahali pale palikuwa karibu na tambarare ndogo chini ya kilima, na ukingoni mwake niliona kishimo cha maji kilichozungukwa na magugu ya kivulini, hakizidi upana wa kitanda. Nikashusha bomba langu hapo. Halikwenda chini sana. Dozi alikuja kunisaidia kulivuta, na tulipokuwa tunavuta alisema, bila kunitazama: "Nyumba yangu ina vyumba vingi mno. Tangu mke wangu aondoke na watoto waende masomoni, nikikohoa najibiwa na ukuta."

"Vuta usilegeze," nikamwambia. Akili yangu ilikuwa kwenye tope.

Tope la kishimo kile lilikuwa chafu, limejaa vipande vya majani na mizizi, aina ambayo huwa tunaikimbia. Nililikata kwa kisu kipya, nikachukua sehemu ya ndani tu ambayo haikuguswa na chochote. Nikaliosha. Nikakaa. Juu ni msitu, kama nilivyotarajia. Nikashuka kidogo. Msitu. Nikashuka tena, na miti ikaanza kuachana, nikahisi joto la jua likinigusa shingoni ingawa niko chini ya ardhi na nimevaa sweta. Na pale, pembeni mwa kioo, kikapita kitu cha mviringo chenye miiba.

Alizeti ina ndugu zake wa porini wenye miiba inayofanana, na mimi si mtu wa kujidanganya. Nikatoa sampuli ya alizeti halisi kutoka kabatini, nikapima ukubwa, nikapima miiba. Nikarudi kwenye kioo na kukisogeza taratibu. Zilikuwepo nyingine. Na zaidi ya hapo, zilikuwepo nyingi zimeshikana kama zabibu, na punje haziwezi kushikana hivyo isipokuwa ua zima limeanguka hapo hapo likaozea majini. Pamoja nazo zilikuwa punje kubwa za mahindi, na vumbi la mkaa, tabaka juu ya tabaka, jembamba. Maabara nyingine ilinipimia umri wa tabaka lile. Ulikuwa utoto wa Shangazi.

Nilibaki nimeinama palepale jioni nzima, sihesabu. Kulikuwa na mwanga mwingi ndani ya kile kioo. Nyuki walikuwa wanavuma, au labda ni mashine. Mwanamume mwenye masikio makubwa alinipita na mtoto mabegani na hakuniona, na mimi sikumwita, maana niliogopa akigeuka nitaamka.

Jumamosi niliwakutanisha nyumbani kwa Shangazi. Sikumwambia mtu nilichokiona. Dozi alikaa kwenye ukingo wa kiti, Shangazi kwenye mkeka, amevaa vizuri, kimya, kama mtu anayengoja hukumu ya mahakama.

"Nina maswali mawili," nikasema. "Shangazi, shambani pale mlipanda nini kingine?"

Dozi akafungua mdomo. Nikamwonyesha kiganja.

"Mahindi," Shangazi akasema polepole. "Machache. Pembeni, upande wa chini, ya kula wenyewe. Alizeti ilikuwa ya mafuta." Akasita. "Sijui kama ni kweli. Ndivyo ninavyoona."

"Na moto je?"

"Kila mwaka. Kabla ya mvua baba alikuwa anachoma magugu, sisi watoto tunakatazwa kusogea. Mpaka walipokuja watu wa serikali kuweka mipaka, wakatuambia tuhame." Alinitazama. "Kwa nini unaniuliza moto, Matope? Sikukuambia habari za moto."

"Hukuniambia," nikasema. "Wala mahindi hukuniambia. Tope limeniambia. Lilikuwepo, Shangazi. Alizeti, na mahindi pembeni, na moto kila mwaka. Lote lipo pale. Mimi ndiye niliyechimba mahali pasipostahili."

Shangazi alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yalitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Alinibeba," alikuwa anasema ndani ya viganja. "Alinibeba, mpumbavu yule, na nikamvuta masikio."

Nilimgeukia Dozi, nimejaa ushindi mpaka kooni, maneno yote ya kumkomesha yamepangwa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanadondoka moja kwa moja sakafuni.

"Basi hana haja na mimi," alisema. "Ana akili zake. Atabaki hapa, na mimi nitarudi kule kwenye vyumba vyangu." Akajifuta. "Sawa. Ahadi ni ahadi. Kesho natafuta msaidizi."

Nje mtu alipita akikokota toroli lenye gurudumu bovu, tukalisikiliza mpaka likapotea. Shangazi alikuwa ameondoa mikono usoni na anamwangalia mwanawe kwa makini, kama vile naye amewekwa chini ya kioo.

"Kumbe ndiyo hayo?" akasema.

Dozi akazidi kuinamisha kichwa.

"Miezi yote hii unanipeleka kwa madaktari, unawaambia watu nimechanganyikiwa, unataka kunibeba kama mzigo. Kumbe unaogopa kukaa peke yako?"

"Mama—"

"Uliniambia nina wazimu, nikakataa. Nani angekubali? Ungeniambia una upweke, ningekuja siku ile ile, kwa miguu yangu."

"Sasa nakuambia."

"Sema vizuri, nikusikie."

Dozi akashuka kitini, mwanamume mzima, mwenye duka lake, akakaa mkekani mbele ya mama yake. "Mama," akasema, "njoo tukae wote. Ile nyumba inanishinda."

Shangazi alimtazama muda. Akatazama ukuta wa jikoni ulio mweusi, dirisha, msitu nyuma ya dirisha. Nilitaka kusema: hapana, subirini, nimemshindia abaki! Na mimi je? Na mwisho wa wiki wangu? Maneno yalifika kwenye meno. Nikakumbuka kwamba katika kuchimba kwangu kote, hata mimi sikuwahi kumwuliza yeye anataka nini.

"Nitakuja," akasema. "Lakini nakuja kwa akili zangu timamu, na kila mtu alijue hilo."

"Kila mtu atalijua, mama."

Akanyanyuka kwa kujishikilia bega la mwanawe, akaingia chumbani, tukasikia anaburuta sanduku kutoka mvunguni. Nilimfuata nikamshikia kifuniko. Alianza kukunja nguo, anazipanga bila haraka, anaimba kwa puani kitu nisichokijua. Alipoinua macho akaniona jinsi nilivyo.

"Wewe tena unalia nini?" akasema. "Si umeshinda?"

"Ndiyo, Shangazi," nikamjibu. "Nimeshinda."